Asilimia ya wanawake walio kazini huamuliwa na swali la mdadisi

Asilimia ya wanawake walio kwenye ajira inaweza kushuka kwa nusu bila mwanamke hata mmoja kuachishwa kazi. Inatosha kubadili sentensi moja ya dodoso, ile orodha ya maswali anayotembea nayo mdadisi wa takwimu. Kila ripoti ya nguvukazi inapotoka watu hubishana kama wanawake "wamepanda" au "wameshuka", na ni wachache wanaofungua kurasa za viambatisho kutazama ni nani hasa aliyehesabiwa kuwa na kazi. Jibu la ubishi, mara nyingi, liko huko huko kwenye viambatisho.

Tuanze na kipimo cha zamani, kile cha mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu za kazi wa mwaka 1982. Kwa kipimo hicho, aliyefanya kazi walau saa moja ndani ya siku saba zilizopita, iwe kwa ujira, kwa faida au kwa manufaa ya familia, alihesabiwa ana ajira. Mama anayelima mahindi ya kula na wanawe aliingia. Ndiyo maana utafiti wa nguvukazi wa Tanzania Bara wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake 80 katika kila 100 wenye miaka 15 na kuendelea walikuwa ndani ya nguvukazi, yaani wana ajira au wanaitafuta. Kiwango hicho kinakipita kwa mbali cha wanawake wa Ufaransa na cha Ujerumani, na sijamsikia mtu mwenye akili timamu akidai kwamba soko la ajira la Tanzania linamfaa mwanamke kuliko la Ujerumani. Kiko juu kwa sababu nyumba ambayo mwanamke hashiki jembe ni nyumba inayolala njaa.

Oktoba 2013, mjini Geneva, wanatakwimu hao walibadili msingi wenyewe. Neno "kazi" likapanuliwa na neno "ajira" likabanwa. Kazi sasa ni kila shughuli ya kuzalisha bidhaa au kutoa huduma, iwe ya kutumia mwenyewe au ya wengine: kulima chakula cha nyumbani, kuchota maji, kusenya kuni, kupika, kulea. Ajira ni kile kipande tu kinachofanywa kwa malipo au kwa faida. Anayelima hasa ili ale na familia yake anafanya kazi, ila hana ajira.

Tuhesabu kwa mkono. Chukua kijiji cha mfano chenye wanawake 100 wa miaka 15 na zaidi. Kati yao 32 wana ujira au biashara: mwalimu, mwenye genge, mshonaji, kibarua wa shamba la jirani. Wengine 48 wanalima chakula cha nyumbani tu. Wanane hawalimi wala hawauzi. Wanatafuta kazi na wako tayari kuianza. Waliobaki 12 ni wanafunzi, wagonjwa na mabibi ambao nguvu zimeshawaishia. Kwa kipimo cha 1982 wenye ajira ni 32 na 48, jumla 80. Ongeza wale wanane wanaotafuta, nguvukazi inakuwa 88. Ushiriki ni asilimia 88, na ukosefu wa ajira ni 8 kugawanya kwa 88, yaani asilimia 9.1.

Sasa tumia kipimo cha 2013. Wale 48 wanatoka kwenye ajira na kuulizwa maswali ambayo zamani yaliwaruka: ulitafuta kazi ya kipato? Ungeipata, ungeweza kuanza? Tuseme wanne wanajibu ndiyo kwa yote mawili. Wanaingia kundi la wasio na ajira, jembe likiwa bado mkononi. Wenye ajira ni 32, wasio na ajira ni 12, nguvukazi ni 44. Ushiriki umeanguka kutoka asilimia 88 hadi 44, na ukosefu wa ajira umeruka kutoka 9.1 hadi 27.3. Kijijini hakuna kilichohama: genge liko pale pale, cherehani iko pale pale.

Wakulima wa chakula waliobaki ni 44. Tuseme 14 kati yao wangependa kazi ya kipato na wako tayari, ila wameacha kutafuta kwa kuwa hakuna pa kuitafutia. Kipimo kipya kinawaita nguvukazi iliyo pembeni. Waunganishe na wale 12 wasio na ajira, uwe na 26. Gawanya kwa nguvukazi 44 ukiongeza hao 14, yaani 58. Unapata asilimia 44.8. Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa kuona waziri anaulizwa bungeni, kwa sababu ndicho kinachosema ni wanawake wangapi wangechukua kazi ya kipato leo hii kama ingekuwepo.

Baadhi ya watetezi wa haki za wanawake waliyapokea mabadiliko ya 2013 kwa wasiwasi. Wanasema mwanamke wa kijijini amefutwa kwenye hesabu. Hofu yao ina msingi, lakini nadhani wameilekeza pasipo. Kipimo cha zamani kilimweka mwalimu mwenye mshahara na mama anayepalilia mahindi asiyouza hata debe moja kwenye tarakimu moja, kisha tarakimu hiyo ikatumika kusema ukosefu wa ajira uko chini. Heshima gani hiyo? Mwanamke alihesabiwa ili tatizo lake lisionekane. Anafutwa kweli pale ofisi ya takwimu inapochukua nusu ya kipimo kipya, ile ya ajira, ikaitangaza, na nusu ya pili ya uzalishaji wa matumizi ya kaya ikabaki kwenye jedwali ambalo hakuna anayelifungua. Rwanda ilipoanza utafiti wake mpya wa nguvukazi mwaka 2016 ilifuata kipimo hiki, na Uganda ikafanya hivyo katika utafiti wake wa 2016/17. Anayechukua kiwango cha Rwanda cha sasa na kukiweka kando ya kile cha Tanzania cha 2014, halafu akaandika kwamba wanawake wa Rwanda wameachwa nyuma, amelinganisha debe na kibaba.

Hayo ni ya Geneva. Ya mlangoni yana madhara makubwa zaidi, na hayazungumzwi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Asante. Nikuulize, wiki iliyopita ulifanya kazi yoyote?"

"Kazi nitaipata wapi mie? Niko tu nyumbani."

Mdadisi anabonyeza "hapana" na kishikwambi kinaruka hadi sehemu ya kutafuta kazi. Nyuma ya mama huyo kuna chuma cha vitumbua kilichotoka kuteguliwa jikoni, na kwenye sinia vimebaki vitatu. Hajadanganya. Katika Kiswahili cha kila siku, "kazi" ni ile yenye bosi na mwisho wa mwezi. Nyingine ni kujishughulisha, kuhangaika, kubangaiza, kutafuta ya chumvi. Ukimuuliza kwa neno la ofisini atakujibu kwa maana ya ofisini.

Dawa yake inajulikana: maswali ya kuchuja, yaulizwe yote na kwa mpangilio hata kama la kwanza limejibiwa hapana. Kwanza ujira: "Kuanzia Jumatatu hadi Jumapili iliyopita, ulifanya kibarua au kazi yoyote ya kulipwa, hata kwa saa moja?" Kisha biashara: "Uliuza chochote au kumfanyia mtu kitu akakulipa, kama kukaanga samaki, kuuza barafu, kusuka nywele, kufua nguo za watu?" Kisha msaada: "Ulisaidia kwenye biashara ya mume, mzazi au ndugu, hata kama hukulipwa?" Mwisho, kutokuwepo: "Una biashara au kazi ambayo wiki hiyo hukuifanya lakini utairudia?" Mifano isizidi minne au mitano, kwa sababu ikiwa mingi mhojiwa anasikiliza mifano na kusahau swali, na itoke eneo lile lile. Mfano wa saluni hausaidii kitu Kilwa vijijini, ambako mwanamke anakaanga dagaa.

Kuna mtego mwingine ambao wasimamizi wa kazi ya uwandani wanaujua vizuri. Jibu la "ndiyo" hufungua maswali mengi mengine: aina ya kazi, sekta, saa, kipato, mkataba. "Hapana" hufupisha. Mdadisi aliye kwenye kaya ya tano, jua la saa tisa, atajikuta anaisikia "hapana" mapema kuliko ilivyosemwa. Njia ya kumkamata ni rahisi: kila jioni linganisha asilimia ya wanawake wenye ajira kwa kila mdadisi ndani ya eneo moja la kuhesabia. Aliye mbali na wenzake, kaya zake mbili au tatu zirudiwe na msimamizi siku ya pili. Ukingoja hadi data zifike makao makuu, umechelewa.

Uzito wa jambo hili umepimwa, na umepimwa Tanzania. Watafiti wa Benki ya Dunia na wenzao waligawa kaya kwa bahati nasibu katika makundi manne: mawili yaliulizwa kwa dodoso fupi lisilo na maswali ya kuchuja, mawili kwa dodoso refu, na katika kila jozi kundi moja kila mtu alijisemea, jingine alisemewa na mwanakaya mwenzake. Kiwango cha ushiriki kilitofautiana kwa hadi pointi 10 za asilimia baina ya makundi hayo, katika nchi ile ile na kipindi kile kile. Dodoso fupi lilipunguza ushiriki wa wanawake. Lakini kusemewa kulileta jambo ambalo wengi hawakulitarajia: kulishusha zaidi ushiriki wa wanaume, na kwa wanawake kulipunguza saa za kazi. Mke hajui kibarua alichokipata mume mjini. Mume anajua mkewe yuko shambani, hajui anarudi saa ngapi. Kwa hiyo wanaodhani kasoro yote ni mume kumsemea mkewe wanakosea shabaha. Mrudie mhojiwa mara tatu kabla hujakubali asemewe, awe mwanamke au mwanamume, na jibu la kusemewa liwekewe alama kwenye data ili mchambuzi alijue.

Shambani ndiko kipimo kipya kinakokwama zaidi, maana mtu anaingizwa au anaachwa nje ya ajira kwa kuulizwa mazao yanakusudiwa kuuzwa au kuliwa. Kaya ya Shinyanga ina shamba la pamba na shamba la mahindi. Mume akiulizwa atataja pamba: yumo. Mke atataja mahindi ya nyumbani: yuko nje. Ilhali wiki iliyopita asubuhi tatu alikuwa kwenye pamba, anapalilia. Kwa kanuni, saa moja kwenye pamba inatosha kumhesabu mwanakaya anayesaidia kwenye shughuli ya kaya, na huyo ana ajira. Kwa hiyo swali liulizwe shamba kwa shamba, na liulize kusudio: "Mazao ya shamba hili mnakusudia kuuza yote, kuuza zaidi, kula zaidi, au kula yote?" Usiulize kiliuzwa kiasi gani. Gunia la mahindi lililouzwa kwa ajili ya matibabu ya mtoto halimgeuzi mkulima wa chakula kuwa mfanyabiashara, na mvua zikikatika mwaka huu pamba haiachi kuwa zao la biashara.

Saa zenyewe zina matatizo yake. Jaribio lililofanywa mkoani Mara lilikuta kwamba kaya zinazoulizwa mwisho wa msimu hutaja saa nyingi za kazi kwa kila mtu katika kila shamba, hadi mara nne ya zile zinazoulizwa kila wiki. Ukijumlisha kwa kaya nzima tofauti inayeyuka, kwa kuwa waliokumbuka mwisho wa msimu waliwasahau baadhi ya watu na baadhi ya mashamba. Makosa mawili yalifutana. Kwa anayetaka kujua mwanamke mmoja mmoja alifanya nini, hayafutani hata kidogo.

Hapo hapo tuulizane pia kuhusu ile kauli ya warsha kwamba wanawake wa Afrika wanazalisha asilimia 60 hadi 80 ya chakula. Data za mashamba kutoka nchi sita zilipokusanywa pamoja, sehemu ya wanawake katika nguvukazi ya kilimo cha mazao ilikuwa takriban asilimia 40 kwa ujumla. Tanzania ilizidi nusu kidogo, Nigeria 37, Ethiopia 29. Nusu ya kazi ya shamba, ukijumlisha na jikoni, inatosha kabisa kuwa hoja.

Nenda sasa Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Mwani unalimwa huko kibiashara tangu mwisho wa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kazi ya kufunga mbegu na kuvuna inafuata bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari inapokauka hadi mbali. Wiki ya maji mafu bahari haikauki vya kutosha. Mkulima aliyeulizwa kuhusu wiki hiyo atasema hakwenda pwani, na ni kweli. Ila alikuwa uani anageuza mwani unaokauka, anachambua takataka, anakata kamba za kufungia. Hizo ni saa za ajira. Timu ya wadadisi ikimaliza shehia nzima ndani ya siku tano, kaya zote zimeulizwa kuhusu maji ya aina moja, na shehia itaonekana imejaa wafanyakazi au imejaa wasio na kazi, kutegemea kalenda ya mwezi. Tiba haina gharama kubwa: nusu ya kaya ziulizwe wiki hii na nusu wiki inayofuata, na swali litaje kazi za nchi kavu kwa majina yake. Bara ni vivyo hivyo kwa masika na vuli. Utafiti usioenea miezi 12 hauna haki ya kujiita wa mwaka.

Dada wa kazi ni kichwa kingine cha maumivu. Anayelala kwa mwajiri ni mwanakaya, na ni mwajiriwa. Mwenye nyumba akiulizwa atasema "huyu ni binti wa shangazi, anatusaidia". Akiandikwa ndugu, ajira yake imezimika kwa neno moja, na ikizimika kwenye nyumba elfu moja sekta nzima inapungua. Orodha ya kaya ikimalizika, uliza: "Kuna yeyote hapa anayelipwa, au kupewa chochote, kwa kazi za nyumbani?" Kisha mhoji yeye mwenyewe, bosi akiwa chumba kingine. Mwenzake aliyekwenda kufanya kazi hiyo hiyo Muscat hayumo kwenye orodha kabisa. Anaonekana tu kwenye swali la fedha zilizotumwa.

Kuhusu kutafuta kazi, orodha ya njia iliandikwa na watu wenye vyeti: kutuma maombi, kusoma matangazo, kwenda kwa wakala. Kanuni za 2013 zinaruhusu pia kutafuta mtaji, eneo, shamba au leseni. Mwanamke anayeomba mkopo kikoba ili afungue genge anatafuta kazi. Asipoulizwa hivyo anaitwa hajishughulishi. Swali la utayari nalo linakata wengi: "Ungeweza kuanza?" Mwenye mtoto wa miezi minane atajibu hapana na atatoka nje ya nguvukazi. Ongeza "ndani ya wiki mbili zijazo", kama kanuni inavyoruhusu, kisha uliza sababu ya hapana. Sababu ikiwa ni malezi, iwe na msimbo wake, isitupwe kwenye "nyinginezo".

Malezi hayo yanapimwa kwa shajara ya saa 24, inayoandika kila alichofanya mtu kutwa na usiku kucha, ambayo Tanzania iliiingiza kwenye utafiti wa nguvukazi mwaka 2006. Kenya ilifanya utafiti wake wa kwanza wa matumizi ya muda mwaka 2021, na ukaonyesha kazi za nyumbani na malezi bila malipo zinachukua asilimia 18.7 ya siku ya mwanamke na 3.6 ya mwanamume. Tahadhari moja: mtoto mgongoni huku ukikoroga uji ni shughuli mbili, na shajara yenye safu moja itaandika uji tu.

Basi ripoti inayofuata ikitoka, tafuta mambo haya. Jedwali moja lenye ajira, uzalishaji wa matumizi ya kaya, nguvukazi iliyo pembeni na saa za malezi, wanawake na wanaume upande kwa upande. Ukubwa wa sampuli wa kila mkoa: kwa wanawake 1,000, asilimia 30 ya mkoa, ukizingatia kwamba kaya zilichaguliwa kwa mafungu, ina kosa la pointi kama 4 juu au chini, kwa hiyo kupanda hadi 32 si habari. Na safu mbili za kihistoria, moja kwa kipimo cha zamani na moja kwa kipya, zilizopigwa kutoka data zile zile. Inawezekana kabisa, mradi dodoso liliuliza kila shamba mazao yake yanakusudiwa nini. Lisipouliza, safu ya pili haipatikani, hata hesabu zikirudiwa mara kumi.